Chura wa shimo la matofali na kisiki cha mvule: binti yangu alinganishe nini hasa?

Seremala wa Iganga, Jumapili jioni

Hamjambo wote. Mimi ni fundi seremala hapa Iganga, kazi yangu milango na vitanda. Kiswahili nimekulia nacho kambini Jinja, marehemu baba alikuwa askari, kwa hiyo mkiona kina harufu ya kambi mnivumilie. Leo sikuja na shida ya mbao.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Mwalimu wao wa baiolojia amewapa kazi ya wiki tatu: kila mmoja achague mnyama mmoja na mti mmoja wanaopatikana kwao, awalinganishe. Juzi binti alipeleka ukurasa wa kwanza: mnyama anatembea, mti hautembei, mnyama anakula, mti unajipikia kwa jua. Karatasi ikarudi na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Tunayajua." Mtoto kalia. Mama yake kanigeukia mimi, eti ndiye mtu wa miti.

Alichochagua ni chura na mvule, na sababu yake ni ya uvivu kidogo: vyote viko nyuma ya karakana yangu. Tulichimba udongo wa matofali pale mwaka 2016, shimo likajaa maji, vyura wakahamia. Hawa si wale wa kurukaruka barazani usiku. Ni bapa, wanateleza kama sabuni, macho yako juu ya kichwa yanatazama mbinguni, na hawatoki majini ila mvua kubwa ikinyesha. Mguu wa nyuma una kucha nyeusi tatu. Ubavuni wana alama kama mshono wa cherehani. Binti alimfungua mmoja mdomo, anasema hana ulimi. Nilibisha, nikaangalia mwenyewe, kweli hana.

Mvule ulikuwa wa baba mkwe. Tuliuangusha 2019 kwa sababu matawi yalikuwa yanalalia paa la nyumba yake. Niliupasua mimi, na katikati ya gogo la pili msumeno wa kukodi uligonga jiwe. Jiwe, ndani ya mti! Meno yakaisha, nikalipa. Jiwe lenyewe ni kubwa kama kiazi kitamu, jeupe, tunazuilia mlango wa jikoni upepo usiubamize.

Sasa kisiki kimechipua. Lakini majani ya machipukizi yanakwaruza mkononi na pembeni yana meno kama msumeno, wakati majani ya mvule ule mkubwa yalikuwa laini, ukingo wake umenyooka. Mke wangu anashikilia kwamba huo ni mti mwingine uliojipandikiza pale. Tena kila chipukizi likifika magotini linatoa vinundu, ncha inaoza, linaanza upya.

Jambo la mwisho, ingawa si la shule: nikiranda mvule nakohoa wiki nzima na mikono inawasha. Paini hainifanyi kitu. Ni miaka 14 sasa.

Swali langu: kuna cha maana cha kulinganisha hapo, au nimwambie achague mbuzi na mwembe? Wiki moja imeshakwenda.

Boda wa Bugembe, Jumapili usiku

Mzee, mbuzi. Mbuzi anaula mwembe, kazi imeisha, ulinganisho umo tumboni.

Mwalimu Mstaafu, Mbale, Jumatatu asubuhi

Seremala, usimsikilize huyo wa boda, ingawa amenichekesha. Nimefundisha baiolojia miaka 31 na ningefurahi kupata daftari lenye vitu ulivyoandika hapo juu. Binti yako alikosea mahali pamoja tu: aliandika alichosoma akaacha alichokiona.

Kwanza majina, maana mwalimu atayataka. Chura wako ni wa kundi la Xenopus, vyura wenye kucha. Anayekaa upande wetu wa ziwa anaitwa Xenopus victorianus. Zamani alihesabiwa kuwa ni yuleyule wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, hadi mwaka 2015 wataalamu walipomtenga kuwa spishi yake. Mengi nitakayosema yalichunguzwa kwa huyo ndugu wa kusini, na binti aandike hivyohivyo, asimvishe wa Iganga sifa za jirani. Mvule ni Milicia excelsa; vitabu vya zamani vitasema Chlorophora, asishtuke. Ukoo wake ni mmoja na fenesi, mforosadi na ule mutuba wanaotengenezea kitambaa cha gome. Ndiyo maana ukiukata unatoa maziwa.

Sasa, wewe ni mtu wa kukata. Basi mwambie aanze hapo: chura akikatwa inakuwaje, na mvule ukikatwa inakuwaje?

Kiluwiluwi wa chura huyu akipoteza mkia, mkia unarudi, na uti na misuli yake. Mguu unaoanza kuchomoza ukikatwa, unarudi pia. Lakini akishageuka kuwa chura kamili mlango unafungwa. Chura aliyekomaa akikatwa mguu, pale kwenye jeraha huota kijiti kimoja cha gegedu, hakina kiungo, hakina vidole. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani walitoa taarifa ya vyura wazima waliokatwa mguu, wakavalishwa kifuniko chenye dawa tano kwa saa 24 tu, halafu wakafuatiliwa miezi 18. Kilichoota kilifanana na mguu, kina mfupa na neva, ingawa hakikukamilika. Hebu pima jasho lote hilo kwa mguu mmoja.

Mvule wenu mmeuangusha wote, na bila dawa yoyote unarudi wote. Chini ya gamba la kisiki kuna macho yaliyolala, yaani machipukizi ambayo hayajaota, kazi yao ni kungojea siku ya shoka. Hata mizizi yake huchipua.

Wala si kwamba seli ya chura imesahau. John Gurdon, Mwingereza, alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kimeharibiwa, na yai likakua mpaka likawa chura. Hiyo ilikuwa kazi ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, akaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na Mjapani Shinya Yamanaka. Maana yake seli ya utumbo bado inabeba maagizo yote ya kujenga chura mzima, ila hairuhusiwi kuyasoma. Kisiki cha baba mkwe kinayasoma kila mvua ikinyesha.

Lakini hapo usimwache binti aandike kwamba mti ni hodari na chura ni dhaifu, kwa sababu ukitazama utoto wao mambo yanapinduka, na hapa ndipo mke wako anaingia. Majani yale yenye meno ni ya mvule uleule. Mche wa mvule, na chipukizi vilevile, huwa na majani ya kukwaruza yenye meno. Ukikomaa unatoa yale laini. Ni kama kiluwiluwi na chura. Chungulia kwenye shimo lako: viluwiluwi vya chura huyu wana masharubu mawili kama kambale, wanasimama kichwa chini majini wakichuja chakula kidogokidogo, hawafanani kabisa na baba yao anayemeza chochote, hata mzoga.

Na vile vinundu ni vya mdudu mdogo sana anayeitwa Phytolyma. Mtoto wake anaingia kwenye jicho la mche, jani linavimba na kumfunika, naye anafyonza humo ndani. Kinundu kikipasuka ncha inaoza. Wengi waliojaribu kupanda mvule kwa wingi kama wanavyopanda paini waliangushwa na huyo mdudu. Kwa hiyo utoto, ambao kwa chura ndio wakati wa kurudisha mkia na mguu, kwa mvule ndio wakati wa kufa hovyo. Uzee wa mvule ndio unaoota upya. Hilo likiandikwa vizuri mwalimu hatasema anayajua.

Mwambie tu, nakuomba, asikate mkia wa kiluwiluwi yeyote ili ajaribu. Akiwatazama kwa siku nyingi atampata aliyeng'atwa na mdudu wa majini.

Kuhusu kikohozi chako, nacho kiandikwe. Miaka ya 1980 daktari mmoja wa Marekani, Michael Zasloff, alikuwa anawapasua vyura hawa na kuwashona, kisha anawarudisha kwenye maji machafu. Akajiuliza mbona vidonda haviozi. Akatafuta ngozini, akapata vijiprotini vinavyoua bakteria, akaviita magainini, kutokana na neno la Kiebrania la ngao. Mvule nao una ngao yake, lakini hauiweki ngozini, unaiweka moyoni. Ule moyo wa kahawia una kemikali, mojawapo ni kloroforini, ndiyo maana mchwa wanauogopa na ndiyo maana watu wanakulipa. Vumbi lake linajulikana kuleta pumu na kuwashwa kwa mafundi. Huna mkosi, ndugu yangu, unavuta ngao ya mti kwa pua. Vaa barakoa nzuri, si kitambaa, randia nje, na uende kwa daktari umwambie ni mvule.

Kakao Bundibugyo, Jumatatu mchana

Mwalimu shikamoo. Naomba niongeze la kwetu kwa sababu watu wa Busoga wanadhani kila kitu kiko Busoga.

Huku chini ya milima, bonde la Semliki, tuna ndugu ya huyo chura wenu. Anaitwa Xenopus ruwenzoriensis. Kwa macho hutaona tofauti kubwa, lakini ukihesabu kromosomu zake, vile vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba maagizo ya urithi, utapata 108. Wewe seremala unazo 46. Yule wa Afrika Kusini anazo 36. Huyu wetu kabeba seti 12 za kromosomu tisatisa. Inatokea hivi: spishi mbili zinazaliana, mtoto anabaki na mizigo yote ya baba na ya mama badala ya nusunusu, na zama zikipita jambo lilelile linarudiwa.

Kwa wanyama hilo ni nadra. Kwa mimea ni kawaida kabisa, na mifano unaila kila siku: kiazi kitamu kina seti sita, kromosomu 90. Matooke yana seti tatu, 33, na kwa kuwa tatu haigawanyiki kwa mbili mbegu haziundiki, ndiyo maana tunapanda machipukizi tu. Kwa hiyo binti akitafuta mahali chura anapofanya mambo ya kimea, hapo papo. Sijasema mvule, nimesema mimea, asije akaandika 108 kwenye mvule.

Na swali dogo, seremala: mvule wenu ulikuwa dume au jike?

Seremala wa Iganga, Jumatatu usiku

Dume au jike! Nimepasua mivule zaidi ya ishirini na sijawahi kuuliza swali hilo. Nilidhani unanitania, nikampigia baba mkwe. Naye ndiye aliyenicheka. Amesema ulikuwa jike bila shaka, kwa sababu kila mwaka matunda yakiiva popo walikuwa wanajaa juu, kelele usiku kucha, na asubuhi bati zima limechafuka. Ule wa jirani ng'ambo ya barabara haujawahi kuletewa popo hata mmoja, unaning'iniza vitu vyeupe kama mikia tu, vinaanguka, basi.

Mwalimu, asante. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti mezani. Mke wangu amesikia habari za majani na hajasema kitu, lakini amekwenda kuyashika tena.

Kakao Bundibugyo, Jumatatu usiku

Basi ile mikia ndiyo maua ya kiume. Chavua yake hupeperushwa na upepo tu hadi kwenye jike, hakuna nyuki wa kutumwa. Chura naye hafanyi tendo ndani ya mwili: jike anataga majini, dume amemkumbatia kiunoni, anamwaga hapohapo. Mmoja kauamini upepo, mwingine kayaamini maji.

Popo aliokuwa anawaona mzee ni wale wakubwa wa rangi ya majani makavu, waliokuwa wanajaa Bat Valley pale Kampala, barabara ya Bombo. Wao ndio wanaobeba mbegu za mvule mbali. Machipukizi yako yote ni jike, kwa kuwa ni mti uleule. Chura jike utamjua kwa ukubwa, na nyuma ana vinyama vidogo kama pindo.

Boda wa Bugembe, Jumanne

Narudisha neno langu la mbuzi. Ila shangazi yangu alikuwa muuguzi zamani, alituambia wazungu walikuwa wanapima mimba kwa chura. Tulijua ni hadithi za shangazi. Ndiye huyu?

Mwalimu Mstaafu, Mbale, Jumanne

Ndiye, huyo wa kusini. Tangu miaka ya 1930 hadi kama ya 1960: mkojo wa mwanamke unapigwa sindano kwa chura jike, mwanamke akiwa mjamzito, chura anataga mayai kabla ya siku kwisha. Shangazi alisema kweli, mwombe radhi.

Seremala, kazi moja imebaki. Lile jiwe la mlangoni. Mkamulie ndimu juu yake, uniambie.

Seremala wa Iganga, baada ya siku kumi

Nimechelewa kujibu, kulikuwa na oda ya milango sita ya shule. Nawapa habari kwa mpangilio zilivyotokea.

Tuliwateka viluwiluwi wanane tukawaweka kwenye beseni, na mmoja, kama mwalimu alivyotabiri, alikuwa amekatwa mkia karibu na nusu. Sikumkata mimi wala binti, alitoka shimoni hivyo. Tulimpima kwa futi yangu ya kazini, ile ya chuma, tumemweka kwenye kisosi. Siku ya kwanza mkia ulikuwa milimita 11. Jana ulikuwa 19. Sehemu mpya ni nyembamba na inapitisha mwanga kama karatasi ya mafuta, unaona mpaka ulipo. Binti amemchora kila jioni, michoro tisa, kwa sababu jioni moja umeme ulikatika.

Wakati huohuo alifunga uzi mwekundu kwenye machipukizi matano ya kisiki. Mawili yameongezeka urefu wa kidole. Matatu yana vinundu. Alipasua kinundu kimoja kwa wembe, akakuta vidudu vya kijani vimekaa ndani kama watu kwenye matatu. Alipiga kelele, akaniita, halafu akakataa nisiviue mpaka amalize kuchora.

Ameandika kurasa saba. Sitaziweka zote hapa, lakini kuna sentensi moja imenikaa kichwani. Anasema chura huanza akiwa na uwezo wa kurudisha mkia na mguu, anaupoteza siku anapotoka utotoni, na mvule ni mtoto anayekufa kwa mdudu asiyeonekana lakini bibi asiyekubali kufa hata kwa msumeno wa baba. "Msumeno wa baba" kaandika yeye, mimi nimeachwa hivyohivyo kwenye kazi ya shule.

Daktari nimemwona. Amenipa dawa ya kuvuta na kuniambia maneno yaleyale ya mwalimu, ila yeye kanitoza pesa. Barakoa nimenunua. Vijana wa karakana wananiita daktari wa mbao.

Sasa jiwe. Tulingoja Jumapili wote wakiwepo, baba mkwe pia. Binti akakata ndimu, akakamua juu. Sekunde mbili hakuna kitu, halafu likaanza kuchemka, povu dogodogo, na ukisogeza sikio unasikia. Baba mkwe alisimama kitini. Mwalimu, ni nini kile?

Mwalimu Mstaafu, Mbale, siku hiyohiyo

Kalisiamu kaboneti, kitu kilekile cha chokaa na cha ganda la yai. Povu mliloliona ni kaboni dioksaidi ikitoka.

Hewa hiyo mvule uliivuta kwa majani, ukaifanya asidi ya oksaliki na kuifunga na kalisiamu. Bakteria na kuvu wakiila hiyo, kinachobaki ni chokaa. Wataalamu wameyachunguza hayo chini ya mivule ya Kodivaa, wakakuta udongo wenyewe umebadilika, asidi imepungua kuzunguka mti. Mara nyingine inajikusanya ndani ya shina palipokuwa na jeraha, ndipo fundi anapovunja meno. Chura anaitoa pumzi yake ikapotea majini. Mvule uliiweka pumzi ikawa jiwe, na nyinyi mmeiachia kidogo siku ya Jumapili kwa ndimu.

Mpe binti aongeze ukurasa wa nane. Na jiwe alipeleke darasani.

Seremala wa Iganga, siku chache baadaye, usiku

Amelipeleka leo asubuhi, limefungwa kwenye leso, pamoja na ndimu tatu. Limebaki kwa mwalimu hadi mwisho wa muhula. Upepo umebamiza mlango wa jikoni tangu saa nane mchana, na mke wangu anauliza ni mvule upi mwingine nitakaoupasua.